Heko kwa Wapanga Njia za Namba

Sophie Wilson na Steve Furber, waliokuwa katika kampuni ya Acorn, mjini Cambridge, Uingereza, wanastahili heko. Wilson alibuni amri za prosesa ya ARM, Furber akapanga maumbile yake ya ndani; ikawashwa mwaka 1985 ikiwa na transista zipatazo 25,000 tu. Utamu wake uko kwenye njia: rejista hutoa namba mbili kwa pamoja, kila moja na njia yake hadi kwenye kitengo cha hesabu, na jibu hurudi kwa njia ya tatu. Kwenye njia mojawapo waliweka kisogeza biti, hivyo namba huzidishwa kwa nne na kujumlishwa na nyingine kwa amri moja! Mwanafunzi wa uhandisi, uchore mpangilio huo kwa mkono wako.