Mmea Unaoishi kwa Kukatwa

Chupa ya jemu yenye maji, dirisha la jikoni, na kipande cha shina chenye majani mawili: pothosi nyingi za Dar es Salaam na Nairobi zimeanza hivyo, baada ya mgeni kuusifu mmea wa mwenyeji wake na kukatiwa kipande.

Asili ya pothosi, Epipremnum aureum kwa wataalamu, ni kisiwa cha Moorea katika Polinesia ya Ufaransa. Kuchanua kwake ni nadra mno. Mara ya mwisho kuripotiwa kutoa ua bila kusaidiwa ni mwaka 1964. Mwaka 2016 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Florida, walieleza sababu: mmea una hitilafu katika jeni inayohusika na kutengeneza jiberelini, homoni inayochochea maua. Walipounyunyizia homoni hiyo, ulichanua. Pasipo ua hakuna mbegu, kwa hiyo pothosi iliyo juu ya kabati Mombasa na ile iliyo ofisini Oslo zimefika huko kwa kisu na mkono wa mtu.

Fundi wa kukata hatazami uzuri wa jani. Hutafuta fundo, pale jani linapoungana na shina, penye kinundu cha kahawia ambacho ni mzizi wa hewani unaosubiri unyevu. Jani lisilo na fundo litabaki bichi majini kwa wiki nyingi, lakini chipukizi halitoi. Kisu hupita chini kidogo ya fundo, majani ya chini huondolewa yasije yakaoza, na maji hubadilishwa kabla hayajanuka. Mizizi ikifika urefu wa kidole, kipande huhamia kwenye udongo.

Hapo ndipo huruma inapoua. Mwenye mmea humwagilia kila asubuhi, mizizi inakosa hewa na kuoza, majani yanageuka manjano, naye anaongeza maji akidhani ni kiu! Kidole kikizama hadi kiungo cha kwanza na kukuta unyevu, kopo lirudishwe chini.

Raha ya kazi hii iko kwenye kuupandisha. Ukining'inia, majani yake huzidi kuwa madogo. Ukipata cha kushika, hupanuka. Juu ya mti mkubwa, jani moja laweza kukaribia urefu wa mita 1, limepasuka pande zote, hata aliyezoea wa chupani asiutambue. Watu wa pwani hawana haja ya kununua nguzo ya dukani: ufito uliozungushiwa makumbi ya nazi, ukafungwa kwa kamba ya usumba na kunyunyiziwa maji, unatosha.

Sifa ya kusafisha hewa, hata hivyo, ipunguzwe. Utafiti wa NASA wa mwaka 1989, unaotajwa kuithibitisha sifa hiyo, ulifanyika ndani ya visanduku vilivyozibwa. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalikadiria kwamba, ili kulingana na hewa inayoingia na kutoka jengoni kwa kawaida, ingehitajika mimea isiyopungua 10 kwa kila mita ya mraba ya sakafu. Dirisha ni rahisi zaidi.

Majani yana fuwele za kalsiamu oksaleti zinazowasha mdomo, basi chungu kiwekwe mbali na watoto na paka. Mabaki ya kupogoa nayo yasitupwe bondeni. Florida, Hawaii na Sri Lanka, pothosi zilizotoroka bustanini zimeparamia miti na kufunika ardhi ya misitu bila kuhitaji mbegu, kwani fundo moja likigusa udongo wenye unyevu huota. Yaanikwe juani hadi yakauke kabisa, ndipo yatupwe.