Kahawa ya Ruiru, Ladha ya Nani?

Nina pakiti ya kahawa mezani na nataka kuisoma vile tunavyosoma mashairi humu. Ni maandishi, na maandishi yakishachapishwa yanahakikiwa. Imeandikwa hivi: Thika, AA, SL28, iliyooshwa. Halafu chini, kwa herufi ndogo: blackcurrant, nyanya, maua. Gramu 250, kwa bei ambayo sitaitaja mbele ya mathee.

Nimezaliwa Ruiru na sijawahi kuona blackcurrant ikiwa kwenye mti. Ninayoijua ni Fanta. Nilipopiga funda la kwanza nikakumbuka ile soda ya zambarau, siku za kutembelewa shuleni. Sasa hapo nilionja kahawa au nilionja shule? Ila mwandishi wa pakiti naye alionja kumbukumbu yake, sema tu yake ilitoka kwenye bustani ya nyanya yake ng'ambo, na hiyo ndiyo iliyochapishwa.

Si kwamba pakiti inadanganya. Mahali kweli huingia kikombeni. Udongo mwekundu wa volkano, mwinuko, usiku wenye baridi unaofanya tunda liive polepole: vyote hivyo vinaonjeka. Wavuta sigaa hubishana kuhusu Kuba na Nikaragua kwa namna hiyohiyo. Ile AA yenyewe, hata hivyo, haisemi lolote kuhusu utamu; ni ukubwa wa punje tu. Na SL28, ambayo dunia inaiita ladha ya Kenya, ilichaguliwa na maabara za Scott kule Kabete miaka ya 1930, kutoka kwa mbuni wa Tanganyika uliostahimili ukame. Kwa hiyo "ladha ya Thika" ni udongo wetu, mbegu ya jirani, na mikono ya watu ambao pakiti haiwataji.

Hao watu ndio wananishughulisha. Kwa miaka mingi ya ukoloni, Mwafrika alikatazwa kupanda kahawa. Vibali vya majaribio vilianza miaka ya 1930 huko Kisii, Embu na Meru. Huku kwetu Kiambu mlango ulifunguka hasa miaka ya 1950. Wakati huo Thika ilishaanza kusimuliwa na wengine. Elspeth Huxley, ambaye wazazi wake walikuja kulima kahawa hapa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alitoa The Flame Trees of Thika mwaka 1959. Ni kitabu kinachosomeka vizuri sana, lakini kahawa mle ni ndoto ya mwenye shamba. Naisoma pakiti yangu kama mjukuu wa kitabu hicho: mandhari ni yetu, ulimi ni wa mgeni.

Halafu kuna Ruiru 11. Ugonjwa wa CBD ulipomaliza matunda mashambani mwishoni mwa miaka ya 1960, watafiti wa hapa Ruiru walianza kutafuta mbegu itakayouhimili. Waliitoa mwaka 1985: mti mfupi, unaopandwa kwa kubanana, unaohimili CBD na kutu ya majani. Mkulima akapunguziwa gharama ya dawa. Lakini ukoo wake una damu ya Robusta kidogo, kupitia chotara wa Timor, na wajuzi wakaamua kwamba haina ladha. Kuna mkahawa mmoja Nairobi ambapo barista aliniambia, "Sisi hatuuzi Ruiru," sekunde chache baada ya kumwambia nimetoka Ruiru. Nilicheka. Iliuma lakini.

Basi Jumapili moja nikafanya jaribio. Mathee alichuma kahawa akiwa msichana, likizo za shule, kwenye mashamba makubwa kati ya Ruiru na Thika. Walilipwa kwa debe, na jioni nyumbani walikunywa chai. Nilimtengenezea vikombe viwili bila kumwambia kitu: SL28 ya pakiti, na Ruiru 11 ya shamba la mjomba, Gatundu, niliyomwomba rafiki mmoja anikaangie.

Alionja cha kwanza, akakunja uso. "Hii inanuka kiwandani. Pale maganda yamelala usiku mzima."

Akaonja cha pili. "Hii ni kahawa tu. Hii naweza kumaliza."

Cha pili kilikuwa Ruiru 11. Mimi, nikiri, nilipenda cha kwanza, na bado nakipenda. Hakuna aliyekosea hapo. Ulimi wangu ulifundishwa na soda na mikahawa. Wake ulifundishwa na chai ya maziwa, na pua yake na kiwanda.

Lakini kama mhakiki nampa yeye alama zaidi. Kahawa iliyooshwa hutolewa ganda, kisha huachwa ichachuke kwenye matangi kabla ya kuoshwa na kuanikwa. Ule uchachu ambao pakiti inauita blackcurrant, mathee aliusogeza hadi mahali unapopita. Pakiti ilimtajia mnunuzi tunda la kwao. Mathee alitaja kazi.

Sisemi tufute nyanya na maua. Nasema orodha ni fupi, na wanaoweza kuirefusha wanazeeka. Tatu City imesimama palipokuwa na mibuni, na ukipita Thika Road unaona ploti zikiendelea kumeza mashamba. Kiwanda kikifungwa, ile harufu nayo inaondoka, na neno lake pia.

Mathee hakukiacha kile kikombe cha kwanza. Alitia maziwa, akatia sukari vijiko viwili, akakimaliza. "Sasa imekuwa kitu." Halafu akageuza pakiti kutafuta bei. Nilikuwa nimeshaibandua.