Pete Postlethwaite: Kina cha Kati

Msikilizaji wa shairi aghalabu hukisubiri kina cha mwisho, kwani hapo ndipo mshororo unapotua. Kina cha kati hupita bila ya kushangiliwa. Lakini kikiondolewa, mshororo mzima hupinda. Katika sanaa ya maigizo wapo wenye kazi kama hiyo, na mmojawapo alikuwa Mwingereza Pete Postlethwaite, aliyezaliwa Warrington mwaka 1946 na kufariki dunia tarehe 2 Januari 2011.

Hakujaaliwa sura ya kuuza tiketi: mifupa ya mashavu ilimchomoza, pua ilimjaa uso, na makunyanzi yalimwahi. Alifundisha skuli kabla ya kusomea uigizaji Bristol, kisha akakomaa jukwaani, kwanza katika ukumbi wa Everyman mjini Liverpool miaka ya 1970, na baadaye katika Royal Shakespeare Company. Filamu zilimpa nafasi za maana alipokwisha kuvuka umri wa miaka arubaini.

Husemwa mara nyingi kwamba uso ule ndio uliokuwa siri yake. Kwa maoni yangu, siri ilikuwa kwingine: hakumhukumu mhusika aliyemvaa. Ushahidi ni baba wawili.

Wa kwanza yumo katika Distant Voices, Still Lives (1988), filamu ambayo Terence Davies aliitunga kutokana na kumbukumbu za nyumba yao ya Liverpool. Baba huyu humpiga mkewe na kuwatisha wanawe. Lakini usiku wa kuamkia Krismasi anawaendea watoto waliolala na kuwatazama kwa huruma. Kisha, mezani, anakivuta kitambaa na kukimwaga chakula chote. Mwigizaji mwepesi angetuashiria kuwa mojawapo ya hali hizo ni uwongo. Postlethwaite anazicheza zote mbili kuwa kweli, na hapo ndipo hofu inapozidi. Adui angechukiwa, yakaisha. Huyu watoto bado wanamngojea awapende.

Wa pili ni Giuseppe Conlon katika In the Name of the Father (1993) ya Jim Sheridan. Conlon alikuwa mtu wa kweli, mkaazi wa Belfast aliyekwenda London mwaka 1974 kumsaidia mwanawe aliyetiwa mbaroni, naye akakamatwa, akafungwa kwa kosa asilolitenda, na akafa akiwa mfungwa mwaka 1980. Hukumu yake ilifutwa mwaka 1991. Filamu inamweka chumba kimoja na mwanawe gerezani, jambo ambalo sivyo lilivyokuwa, na walioilaumu kwa hilo wana haki yao. Hata hivyo, chumba hicho kinafichua kitu. Daniel Day-Lewis, aliye mwana, anafoka. Postlethwaite anajibu kwa sauti ya chini ya mgonjwa asiyekubali kuivua heshima yake. Taratibu tunatambua kwamba tuliouona kuwa unyonge ulikuwa ni ushupavu. Aliteuliwa kuwania Oscar, asiipate.

Itasemwa kwamba Hollywood nayo ilimthamini; Steven Spielberg alimsifu kuwa mwigizaji bora kuliko wote duniani. Lakini katika The Lost World (1997) alimpa nafasi ya mwindaji aitwaye Roland Tembo, jina ambalo kwa msomaji wa Kiswahili limekwisha kueleza mengi, na Kobayashi wa The Usual Suspects (1995) ni fumbo zaidi kuliko mtu. Huko uliazimwa uso tu. Linganisha na daktari Lorbeer wa The Constant Gardener (2005), filamu ambayo sehemu yake ilipigwa Kenya. Lorbeer anatokea karibu na mwisho, kwa dakika chache, akiwahudumia wanyonge jangwani huku akiikimbia dhambi ya dawa aliyoshiriki kuitengeneza. Ni mwoga na mwenye toba kwa pamoja, na kisa kizima kinaegemea maungamo yake.

Mwaka 2008 alirudi Everyman kucheza King Lear, baba anayewapima wanawe kwa wingi wa maneno na kumfukuza aliyesema machache. Nafasi hiyo kuu ilimstahiki, kwani yeye alikuwa ametumia umri wake akituzoeza kuwasikia wanaosema machache.