Lebo Moja, Wavuvi Wawili

Sulisuli aliyekwisha kuchoka huletwa ubavuni mwa boti akiwa amelalia upande, tanga la mgongoni limekunjwa, mdomo wake mrefu umeelekea omo. Baharia mmoja, mwenye glavu, ameushika ule mshipi mnene wa mwisho ulio karibu na ndoana. Kwa kanuni za mashindano mengi, mguso huo tu unatosha kumhesabu samaki kuwa amevuliwa. Mwenzake ana fimbo yenye sindano ya chuma nchani, na kwenye sindano imepachikwa lebo: uzi wa plastiki wenye namba, na kichwa chenye vimiba. Anangoja samaki atulie sambamba na boti, kisha anadunga kwenye mnofu wa mgongo, chini ya pezi, nyuma ya kichwa, juu ya ule mstari wa ubavuni, ili vimiba vikamate baina ya mifupa inayobeba pezi. Akidunga mbele mno anahatarisha matamvua; akidunga chini mno anaingia tumboni; akidunga kijuujuu, lebo itachomoka mapema. Halafu boti inasogea mbele polepole, samaki ameshikwa mdomo, maji yapite kwenye matamvua, maana samaki wa jamii hii hupumua kwa kwenda. Anapoanza kupiga mkia mwenyewe, anaachiwa. Kwa zaidi ya miaka 30 kazi hii imefanywa kwenye boti za uvuvi wa michezo za Malindi, Watamu na Shimoni, na mabaharia wazoefu wanaifanya bila kuambizana neno.

Ustadi huo unastahili sifa, lakini ni nusu ya kazi. Lebo ni mkataba baina ya watu wawili wasiojuana: aliyeitia na atakayeikuta, pengine miaka mitatu baadaye, pengine katika bandari ya nchi nyingine. Asipopatikana wa pili, wa kwanza amemvika samaki hereni tu, kama ng'ombe asiye na daftari. Hoja yangu ni kwamba klabu za uvuvi wa baharini zimeuboresha upande wa kwanza hadi pa kuongeza pamebaki padogo, na upande wa pili zimeuachia bahati. Utaratibu wa kuwatumia wavuvi wa michezo kutia lebo ulianzishwa mwaka 1954 na Frank Mather wa taasisi ya Woods Hole, Marekani. Mwaka 2003 watafiti walijumlisha matokeo ya miradi mikubwa ya dunia iliyofuata njia hiyo kwa jamii ya nduaro na sulisuli. Waliotiwa lebo na kuachiwa walikuwa kama 317,000. Waliopatikana tena walikuwa 4,122. Katika kila samaki elfu moja, zilirudi habari za kumi na watatu.

Hao wachache wametufundisha mengi. Nduaro mmoja aliyetiwa lebo karibu na Delaware, mashariki ya Marekani, alipatikana Mauritius kama miaka mitatu baadaye, umbali wa zaidi ya kilomita 14,000 kwa mstari ulionyooka. Mstari huo, bila shaka, unapita juu ya bara la Afrika, na samaki hakupita huko. Safari yake halisi ilikuwa ndefu kuliko hiyo, ila lebo haisemi ni kwa kiasi gani. Ndivyo lebo ya plastiki ilivyo. Inatoa nukta mbili na siku zilizo kati yake, basi. Upande wa kwanza nao umejirekebisha kwa ushahidi, hilo lazima likubaliwe. Mfano bora ni ndoana. Ndoana ya kawaida, yenye umbo la herufi J, samaki akimeza chambo huweza kunasa kooni au tumboni. Ya mviringo huteleza hadi pembe ya taya ndipo inapokamata. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa nduaro weupe wa Atlantiki waliovishwa vifaa vya setilaiti baada ya kuvuliwa: wa ndoana za mviringo walipona wote, na wa ndoana za J walipona 65 kwa 100. Miaka michache baadaye, Marekani ililazimisha ndoana za mviringo katika mashindano ya samaki hawa ya Atlantiki yanayotumia chambo halisi. Nahodha anayeng'ang'ania ndoana ya J kwa chambo cha kumeza, kisha akajisifu kwa kuachia samaki, anajisifia maiti asiyeiona.

Wapo watakaosema kwamba kumi na watatu kwa elfu ndiyo hali ya bahari yenyewe: maji ni mapana, samaki wengine hufa, lebo nyingine huchomoka. Yote ni kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo. Idadi ya lebo zinazorudi ni mchanganyiko wa mambo manne: samaki aliyekufa, lebo iliyodondoka, samaki ambaye hajavuliwa tena, na samaki aliyevuliwa lakini hakuna aliyesema. Matatu ya kwanza ni habari za samaki. La nne ni habari za watu, na lisipopimwa linayachafua yale matatu. Mtafiti anayeona lebo chache hawezi kujua kama sulisuli wamejaa tele baharini, ndiyo maana wenye lebo ni nadra kukutwa, au kama lebo zao zinatupwa pamoja na matumbo ya samaki ufukweni.

Kwamba jambo hilo la nne linapimika, tunalo thibitisho katika bahari hii hii. Kati ya mwaka 2005 na 2007, mradi mkubwa wa kutia lebo jodari wa Bahari ya Hindi uliachia samaki zaidi ya 168,000, wengi wao katika maji ya Tanzania. Takriban mmoja kati ya kila sita alipatikana tena. Waliotia lebo hawakuwa na mikono ya ajabu kuliko mabaharia wa Watamu. Tofauti ilikuwa bandarini. Meli kubwa za nyavu za kuzungushia zilishusha sehemu kubwa ya samaki wao Victoria, Shelisheli, na huko waliwekwa watu wa kupokea lebo, zawadi ikajulikana, na wapakuaji wakaelezwa nini cha kutazama. Zaidi ya hayo, zilipandikizwa lebo za mtego: samaki waliokwisha kufa melini walitiwa lebo kwa siri, ili ionekane ngapi kati ya hizo zitaripotiwa. Ukipandikiza kumi zikarudi nane, unajua macho ya bandari yanaona kiasi gani, na hesabu yako yote unaisahihisha kwa kipimo hicho. Ni mbinu nyepesi kupita kiasi, na katika klabu za uvuvi wa michezo haizungumzwi sana.

Nakubali kwamba ulinganisho huo una kasoro. Jodari wa meli hizo hushushwa kwa wingi mahali pamoja. Sulisuli hana Victoria yake. Katika Bahari ya Hindi sehemu kubwa yake hunaswa na nyavu za kutega, za aina ya jarife, na wanaoongoza ni wavuvi wa Iran, India, Pakistan na Sri Lanka. Mwaka 2018 Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao hapo hapo Victoria, ilipitisha azimio la kutaka mavuno ya sulisuli yasizidi tani 25,000 kwa mwaka. Weka tani hizo karibu na samaki wanaovuliwa na klabu kwa msimu mzima, uone nani hasa anakutana na sulisuli. Lakini kasoro hii haiiangushi hoja, inaisogeza tu mahali. Kama mpokeaji wa lebo ni mtu wa jarife, basi lebo iandikwe kwa ajili yake, na klabu imtafute alipo, kuanzia na aliye jirani: Mayungu, Ngomeni, Kipini, Lamu.

Mtazame mtu huyo asubuhi dau linaporudi. Samaki wanashushwa, mnada unaanza, wachuuzi wanapandishiana bei. Kwenye mgongo wa sulisuli kuna kitu kama mwani mwembamba, kimeota uchafu. Akikisugua ataona namba na maandishi ya Kiingereza. Si ajabu akidhani kwamba ni samaki wa wenyewe, au wa serikali, na kwamba akisema atanyang'anywa au ataulizwa alivua wapi. Mwaka 2020 watafiti, miongoni mwao Mkenya Nelly Kadagi, waliandika katika jarida la Marine Policy kuhusu uwezekano wa migogoro kati ya uvuvi wa michezo na uvuvi mdogo wa pwani ya Kenya juu ya samaki hawa hawa. Mahali penye shaka ya namna hiyo, kunyamaza ni uamuzi wa busara kwa mvuvi. Anayetaka mvuvi huyo anyanyue simu hana budi kumwondolea hofu kwanza, kwa Kiswahili, kupitia viongozi anaowajua wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo, na zawadi iwe ya kumfidia muda wake. Kofia yenye nembo ya klabu haimnunulii mtu petroli ya mashine.

Kuna pingamizi jingine, la kimaadili, na kwa maoni yangu ndilo zito zaidi. Watu wenye shibe, inasemwa, wanamchosha samaki kwa starehe kisha wanamwachia mbele ya watu wanaohitaji kitoweo. Kwa nini mvuvi wa dau awasaidie? Swali ni la haki. Jibu si kumhubiria kwamba na yeye aachie. Mkataba wa lebo haumtaki aachie chochote. Kinyume chake, samaki aliyeachiwa na klabu hatoi habari yoyote mpaka mtu mwingine amvue tena, na mara nyingi huyo anamuua, anamuuza, anamla. Klabu inayomtazama mwenye jarife kama adui wa sulisuli inamtukana mtu pekee anayeweza kuikamilishia kazi. Ikilielewa hilo, hata lugha ya mabango yake itabadilika.

Setilaiti haijatuondolea kazi hii. Watafiti wamewavisha nduaro wa Kenya vifaa vinavyorekodi kina na safari, na vimefichua mengi ambayo lebo ya plastiki haitayajua kamwe. Ila kimoja hugharimu maelfu ya dola, na hujichomoa baada ya miezi kadhaa. Lebo ya plastiki huweza kukaa miaka, na boti yoyote inaweza kuitia. Kadi inayojazwa pamoja nayo, yenye tarehe, mahali, aina ya samaki, makadirio ya ukubwa na hali yake alipoondoka, ina thamani hata lebo isiporudi, mradi klabu iandike pia siku ambazo boti ilirambaza kutwa ikarudi mikono mitupu. Bila siku tupu, daftari la klabu ni orodha ya bahati njema.

Basi msimu ujao, kaskazi ikishika na boti zikianza kutoka, klabu zinaweza kubadilisha mambo mawili kwa gharama ndogo. Kombe moja, tena kubwa, liende kwa lebo iliyorudi: nusu kwa boti iliyoitia, nusu kwa mvuvi aliyeileta, na wote wawili waitwe mbele siku ya zawadi. Na lebo chache za mtego ziwekwe minadani kwa makubaliano na viongozi wa BMU, ili tujue ngapi zinaonekana. Nawe unayenunua sulisuli sokoni, ukikuta uzi wa plastiki mgongoni mwake, usiutupe. Andika namba, tarehe, na jina la mahali alipovuliwa. Pima samaki kutoka ncha ya taya la chini hadi kwenye panda ya mkia. Kisha peleka uzi wenyewe kwa BMU au ofisi ya uvuvi iliyo karibu. Samaki ni wako, kamle.