Uzito Mahali Pake

Kwenye soko la samaki la Kashikishi, ukingoni mwa Ziwa Mweru, baiskeli haiwekwi kwenye mizani. Kinachopimwa ni gunia lililo juu yake. Anayetaka kuinunua hubonyeza tairi kwa kidole gumba, hutikisa karia kushoto na kulia, huzungusha gurudumu la nyuma aone kama linayumba, ndipo azungumze bei. Kilo za chuma hazitajwi. Mpanda baiskeli wa mashindano angeshangaa, maana kwake kilo hizo ndizo mwanzo wa maneno yote.

Na ana sababu. Baiskeli ya mbio ndefu za milimani siku hizi ina kilo 10 hivi, wakati mwingine pungufu. Ile ya kuteremkia mlima kwa kasi, yenye springi ndefu mbele na nyuma, hufika kilo 16. Kati ya hizo mbili kuna watu wanaotoa fedha nyingi ili wapunguze gramu 200 tu: boliti za chuma zinang'olewa zinawekwa za titaniamu, usukani wa aluminiamu unampisha wa nyuzi za kaboni. Katika mbio za barabarani mambo yalifika mahali ambapo UCI, shirikisho la dunia la mchezo huo, liliamua kwamba kuanzia mwaka 2000 baiskeli isiwe chini ya kilo 6.8. Baiskeli za milimani hazikuwekewa kikomo hicho. Huko mawe yenyewe humwadhibu aliyepunguza kupita kiasi.

Mimi nataka kumsifu fundi wa baiskeli wa mwambao wa Mweru, na ninamsifu kwa jambo moja: anajua uzito unatakiwa wapi na hautakiwi wapi. Ndio ujuzi uleule anaoutafuta mhandisi wa California au Uswisi. Tofauti ni kwamba mhandisi anaufikia kwa kupunguza, na fundi wetu anaufikia kwa kuongeza.

Wilaya ya Nchelenge iko upande wa Zambia wa ziwa. Ng'ambo ni Katanga, nchini Kongo, na miji ya Kilwa na Pweto. Usiku wavuvi wa chisense huwasha taa juu ya maji. Mchana samaki hao wadogo, jamaa wa dagaa wa Tanganyika, huanikwa juani hadi wakauke, wakatiwa kwenye magunia na kupelekwa miji ya migodi ya Copperbelt na Lubumbashi. Kiswahili cha Katanga kimevuka ziwa pamoja na wachuuzi na, tangu 2018, pamoja na wakimbizi waliopokelewa katika makazi ya Mantapala. Penye lami mzigo ni wa lori. Lakini kutoka kambi ya wavuvi hadi kwenye lami, kutoka shamba la muhogo hadi ufukweni, kwenye vijia vya mchanga ambavyo dereva wa lori haviangalii mara mbili, mwenye kazi ni baiskeli.

Kisiwa cha Chisenga, huko kwenye vinamasi vya sehemu ya chini ya mto Luapula, ndicho kinachotoa somo la kwanza kuhusu uzito. Huko hufiki kwa magurudumu. Unafika kwa mtumbwi au boti, na baiskeli nayo ni abiria. Mwenye baiskeli husimama majini hadi magotini, mkono mmoja umeshika fremu na wa pili umeshika tandiko, akaiinua juu ya ukingo wa chombo huku chombo kikimkimbia. Hapo kila kilo ya chuma inadai haki yake kwenye mabega na kiuno. Akishatia mguu kisiwani akapanda, madai hayo hupungua sana, na akishaifungia mzigo karibu yanakwisha. Baiskeli ni nzito kwa anayeibeba. Kwa anayebebwa nayo hesabu ni nyingine.

Tuifanye hesabu hiyo. Kuna baiskeli inayojulikana sana Zambia, Buffalo, iliyobuniwa na shirika la World Bicycle Relief lililoanzishwa mwaka 2005. Ina uzito wa kilo 23 hivi, zaidi ya mara mbili ya ile ya mashindano, na karia yake imetengenezwa ibebe kilo 100. Chukua mtu wa kilo 65, mzigo wa kilo 60, na baiskeli hiyo: jumla kilo 148. Mwache apande kutoka Mbereshi, kwenye bonde la Luapula, hadi Kawambwa juu ya uwanda, kupanda kwa mamia ya mita. Sasa mpe baiskeli ya kilo 12. Jumla inashuka hadi 137, yaani asilimia 7 tu. Kama kupanda kulimchukua saa moja na nusu, ameokoa dakika 6 au 7. Dakika hizo si haba, ila amezinunua kwa fremu na ekseli ambazo huenda zisifike juu pamoja naye.

Ondoa mzigo, na picha inabadilika. Mtu na baiskeli nzito ni kilo 88. Mtu na baiskeli nyepesi ni 77. Pengo limekuwa zaidi ya asilimia 12. Ndiyo kusema uzito wa baiskeli husikika zaidi ikiwa tupu, na ya mpanda baiskeli wa mashindano huwa tupu siku zote. Hana gunia la kushusha wala ndoo ya kuacha nyuma. Baada ya kupunguza tumbo lake, kilichobaki kupunguzwa ni chuma tu, kwa hiyo hangaiko lake ni la haki. Waswahili walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na huyu anayehesabu gramu, kwetu akaonekana ana mchezo, naye ana mzigo wake.

Tena asidhani mtu kwamba baiskeli nyepesi ndiyo asili ya milima. Vijana wa Marin County, California, walioanza kushindana kuteremka milima katika miaka ya 1970, walitumia baiskeli kuukuu za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, zenye kilo 20 na ushei. Breki yao ilikuwa ya kurudisha pedeli nyuma, iliyofichwa ndani ya habu, na mteremko mmoja ulitosha kuiunguza grisi yote, hivyo wakifika chini walifungua habu na kuijaza upya. Mwaka 1977 Joe Breeze alijenga mojawapo ya fremu za kwanza zilizokusudiwa hasa kwa kazi hiyo, na baiskeli yake bado ilikuwa na kilo 17 hivi. Mweke kijana wa wakati ule mbele ya Buffalo leo: uzito ni karibu uleule, breki ni ileile ya kurudisha pedeli. Angeipanda bila kuonyeshwa.

Breki hiyo inatuingiza katika ufundi wenyewe, na ufundi wa baiskeli uko zaidi kwenye gurudumu. Baiskeli ya gia ina vipande saba au zaidi vya meno upande mmoja wa habu ya nyuma. Ili vipate nafasi, spoku za upande ule husimama karibu wima na kukazwa sana, na za upande wa pili hulala na kulegea. Gurudumu linavutwa na pande mbili zisizo na nguvu sawa. Habu ya breki ya pedeli ina kipande kimoja tu cha meno, kwa hiyo spoku za pande zote mbili hushuka kwa mshazari unaokaribiana na kuvuta kwa nguvu inayokaribiana. Gurudumu la namna hiyo huvumilia gunia. Viwanda vya Uingereza vililijua hilo zamani: baiskeli zao nzito, zile ambazo Kenya ziliitwa Black Mamba, zilikuwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu nyuma ndiko unakokaa mzigo.

Mtazame fundi akinyoosha rimu. Baiskeli imegeuzwa, tandiko na usukani vimekaa mchangani, gurudumu liko hewani. Analizungusha taratibu na kuegemeza ukucha wa kidole gumba kwenye uma, karibu kabisa na rimu. Panapopinda, rimu hukwaruza ukucha. Analisimamisha hapo, anazipitia spoku kwa vidole mbili mbili, akizibana kama mtu anayepima kama embe limeiva. Iliyolegea anaijua kwa mguso, na anaijua kwa sikio pia: akiipiga kwa spana hutoa mlio mzito, na iliyokaza hulia juu. Anakaza robo mzunguko upande mmoja, analegeza robo mzunguko upande wa pili, anazungusha tena. Asiye fundi hukaza tu mpaka rimu ipige nane. Fundi anajua kwamba kila anachokaza kinavuta kingine, na kwamba gurudumu husimama kwa mvutano wa spoku zote kwa pamoja.

Jambo hilo linapingana na macho. Tunadhani spoku za chini zimelisimamia gunia kama nguzo. Waya mwembamba hauwezi kuwa nguzo. Ungepinda mara moja. Spoku zote zimevutwa kabla hata mzigo haujapakiwa, na tairi linapokanyaga ardhi zile za chini hulegea kidogo, kisha hukaza tena zikipanda. Kila mzunguko hulegea na kukaza. Iliyokuwa legevu tangu mwanzo hutikisika zaidi, na baada ya maelfu ya mizunguko hukatikia pale ilipokunjwa kuingia kwenye habu. Kwa hiyo robo mzunguko wa spana huongeza nguvu nyingi bila kuongeza hata gramu moja. Hakuna duka la Ulaya linalouza wepesi wa bei nafuu kuliko huo.

Baada ya gurudumu huja karia. Ya kiwandani, iliyofungwa kwa boliti mbili nyembamba, haimalizi msimu. Fundi huchukua kipande cha nondo, hukikunja, hukichomelea kutoka kwenye karia hadi kwenye ekseli, ili mzigo ushuke moja kwa moja kwenye gurudumu badala ya kuning'inia kwenye fremu. Ameongeza kilo moja, labda moja na nusu, na kila gramu ina kazi. Hachomelei mbele, maana mbele hakuna kinachodai. Haongezi chuma kwenye rimu, kwa sababu chuma kinachozunguka huchosha miguu kila unapoondoka. Mwenye baiskeli naye ana ufundi wake wa kupakia: kizito chini, kinachoning'inia kisipite sana nyuma ya ekseli, la sivyo usukani unakuwa mwepesi na gurudumu la mbele linapaa kwenye kilima. Kisha anafunga kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu, akiivuta hadi iwe myembamba.

Ukizoea macho ya namna hiyo, unatambua baiskeli mbovu bila mizani. Madukani kumejaa za gia za bei rahisi, zilizopakwa rangi kali na kupewa springi mbele na nyuma ili zifanane na za milimani. Ni nzito, na uzito wake uko mahali pasipostahili. Springi za nyuma zinameza sehemu ya nguvu ya mguu, fremu haina pa kufungia karia, mchanga unaingia kwenye gia. Hizo zimebeba kilo za maringo. Kilo za Buffalo ziko kwenye fremu, kwenye spoku nene na kwenye karia, na zinafanya kazi kila siku. Utafiti mmoja uliofanywa Zambia kwa wasichana waliopewa baiskeli hizo ulionyesha kwamba kukosa shule kulipungua kwa asilimia 28. Kilo 23 kwa mtoto wa kike si kidogo, lakini kutembea ndiko kulikokuwa kuzito zaidi.

Hata waliozivumbua nyepesi wamewahi kurudi upande huu. Tom Ritchey, aliyejenga fremu za baiskeli za milimani za mwanzo kule California na kujipatia jina kwa kupunguza uzito, alifika Rwanda mwaka 2005. Aliona wakulima wakisukuma kahawa kwenye baiskeli za mbao, akabuni baiskeli ndefu ya mizigo, kwa sababu tunda la kahawa likichumwa linataka kufika kiwandani siku ileile. Mtu aliyetumia miaka akiondoa gramu alikaa akafikiria aweke chuma wapi. Na Rwanda hiyohiyo ikamtoa Adrien Niyonshuti, aliyeshindana mbio za milimani kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012 juu ya baiskeli nyepesi. Nchi moja ilihitaji zote mbili, na haikuwa na haja ya kuchagua.

Basi anayeuliza kama uzito wa baiskeli una maana, ajibiwe kwamba una maana sana kwa anayeiinua, una maana kwa anayeiendesha tupu, na kwa mwenye gunia unatanguliwa na mambo mengine matatu: upana wa tairi kwenye mchanga, mkazo wa spoku, na mahali mzigo ulipofungwa. Mengi ya hayo yamo mikononi mwa fundi, na malipo yake ni madogo kuliko bei ya boliti moja ya titaniamu. Jina lake haliandikwi kwenye fremu. Lakini chisense wakifika Kashikishi wakiwa wamekauka na hawajamwagika njiani, kazi iliyofanyika ni yake, na haki ni alipwe vizuri kidogo, siku ileile, bila kuambiwa arudi kesho.