Kuzima na Kuwasha Si Matengenezo

Ajali ya ndege ya AirAsia iliyoanguka katika Bahari ya Java tarehe 28 Desemba 2014 ikiwa na watu 162 hutajwa zaidi kwa dakika zake za mwisho. Rubani msaidizi alivuta kijiti cha kuongozea, pua ya ndege ikainuka, ndege ikapaa kutoka futi 32,000 hadi zaidi ya futi 38,000, kasi ikaisha na mabawa yakakosa nguvu ya kuibeba. Hayo yote ni kweli. Lakini ripoti ya KNKT, kamati ya Indonesia inayochunguza ajali za usafiri, iliyotolewa Desemba 2015, inaanza mbali zaidi, kwenye kibao kidogo cha elektroniki ndani ya pezi la mkia. Kibao hicho kilikuwa na nyufa kwenye viungo vya lehemu. Hoja yangu ni kwamba kosa lililostahili kuchambuliwa kwa kina zaidi lilifanyika chini, kwa muda wa karibu mwaka mzima, kila mara hitilafu ilipozimwa na kuwashwa kisha ikahesabiwa kuwa imekwisha.

Kazi ya kifaa chenyewe si ngumu kuielewa. Ndege ikiwa kwenye kasi kubwa, usukani wa mkia ukigeuzwa sana unaweza kuuvunja mkia wenyewe, kwa hiyo kipo kifaa kinachopunguza nafasi ya usukani huo kugeuka kadiri kasi inavyopanda. Kinaongozwa na kompyuta mbili zinazoitwa FAC, na kibao chake kina njia mbili za umeme ili moja ikifa nyingine iendeleze kazi. Sasa fikiria mazingira kilipowekwa. Uwanjani Surabaya, ndege ilikoondokea, kuna joto la pwani ya tropiki. Nusu saa baadaye kiko mahali pasipo na hewa ya kabini, na nje kuna baridi ya nyuzi zaidi ya 30 chini ya sifuri. Kibao, lehemu na miguu ya vifaa vilivyolehemewa hutanuka na kusinyaa kwa viwango tofauti, safari baada ya safari, mpaka lehemu inachoka na kupasuka. Ufa wa namna hiyo ni mwembamba kama unywele. Kingo zake zikigusana umeme unapita, zikiachana kwa baridi au mtikisiko umeme unakatika. Wachunguzi walikuta nyufa kwenye njia zote mbili, na hilo halishangazi: njia mbili zilizo kwenye kibao kimoja hupata joto lile lile, baridi ile ile na mtikisiko ule ule. Zinakinga dhidi ya ajali ya upande mmoja, hazikingi dhidi ya uchovu unaozipata kwa pamoja.

Hapa ndipo elektroniki inapowatega mafundi waliozoea mashine. Pampu inayovuja inaacha mafuta sakafuni na beringi iliyokufa inapiga kelele, lakini kiungo cha lehemu kilichopasuka, ndege ikishatua na joto kurudi, kinaweza kupita kipimo bila dosari. Fundi anazima kompyuta, anaiwasha, anaendesha jaribio, skrini inamwambia kila kitu kiko sawa, anatia sahihi, na ndege inaondoka. Hakuna uzembe wowote katika hatua hizo, kwani kitabu cha matengenezo ndivyo kinavyoelekeza. Tatizo linaonekana tu ukizipanga karatasi zote pamoja. Kumbukumbu za ndege ile zilionyesha matukio 23 ya kifaa hicho katika mwaka 2014, na kadiri mwaka ulivyokwenda ndivyo nafasi kati ya tukio na tukio ilivyofupika. KNKT iliutaja mfumo wa kuchambua kumbukumbu za matengenezo, ulioacha hitilafu zile zijirudie bila ufumbuzi, kuwa miongoni mwa mambo yaliyochangia ajali. Kwa lugha nyepesi, kila fundi alikutana na hitilafu moja, na mfumo uliotakiwa kuziona zote 23 kama ugonjwa mmoja haukuziona hivyo.

Pingamizi la kwanza lina uzito, nalo ni kwamba kifaa kile kikifa hakiiangushi ndege. Ni kweli. Rubani anaweza kuendelea na safari akiwa mwangalifu tu na pedali za usukani. Asubuhi ile tahadhari ililia mara tatu, na mara zote marubani walifuata maelekezo ya skrini: zima kompyuta ya kwanza na kuiwasha, kisha ya pili. Ilipolia mara ya nne, data za safari hazikufanana tena na utaratibu huo, zilifanana na sakiti breka za kompyuta hizo kuvutwa na kurudishwa. Ripoti inaeleza kwamba siku tatu kabla, kapteni huyo huyo alikuwa ameshuhudia fundi akifanya hivyo ndege ikiwa chini. Chini ni jambo la kawaida. Angani, kukata umeme wa FAC zote mbili kunaondoa rubani wa kiotomatiki, kunaondoa udhibiti wa kiotomatiki wa nguvu ya injini, na kunapunguza kinga zinazoizuia ndege isivuke mipaka yake; na breka ikirudishwa hayo yote hayarudi yenyewe. Usukani ulihama nyuzi mbili, ndege ikaanza kulalia kushoto, na sekunde tisa zikapita kabla ya mkono wa rubani kujibu, pembe ikiwa imefika nyuzi 54. Basi anayesema marubani walikosea hakosei. Ila swali ni wapi kapteni alijifunza kwamba dawa ya tahadhari ile ni kukata umeme na kuurudisha. Alijifunza kwa wanaoitunza ndege, ambao nao walifundishwa na mafanikio ya mara kwa mara ya dawa hiyo. Hitilafu iliyoachwa ijirudie inamzoesha binadamu kuitibu kwa njia ya mkato, na hiyo ndiyo hatari yake halisi hata kama yenyewe ni ndogo.

Mtu wa mahesabu atasema kwamba kubadilisha kifaa kila kinapopiga kelele ni kuyafilisi mashirika. Hakuna anayedai hivyo. Kubadilisha katika tukio la kwanza ni ubadhirifu. Kutobadilisha katika tukio la kumi, wakati vipindi vinafupika, ni kukataa kusoma kilichoandikwa na watu wako mwenyewe.

Pingamizi gumu zaidi linatoka baharini. Tarehe 26 Machi 2024 meli ya makontena Dali, yenye urefu wa karibu mita 300, ilizimika umeme ikitoka bandari ya Baltimore na kuligonga daraja la Francis Scott Key, na mafundi sita waliokuwa wakikarabati barabara juu ya daraja wakafa. Uchunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, ulikamilika Novemba 2025, na chanzo ni waya mmoja: lebo yake ya utambulisho ilivalishwa vibaya, ikauzuia usiingie sawasawa kwenye kiunganishi chake, na ulipolegea breka ikafyatuka. Je, kumbukumbu gani ingeuonya mtu kuhusu waya huo kati ya maelfu? Nakubali kwamba kuhesabu matukio hakusaidii pale ambapo tukio la kwanza ndilo la mwisho. Hapo kinachohitajika ni ukaguzi wa viungo wenyewe, wa mkono na wa kamera ya joto, na kwanza kabisa ufungaji makini siku meli inapojengwa.

Hata hivyo Dali ilizimika mara mbili, na mara ya pili inaturudisha kwenye hoja yetu. Wahandisi waliurudisha umeme kwa haraka ya kusifiwa, taa zikawaka. Lakini jenereta zilizokuwa zikifanya kazi zilikuwa zikilishwa mafuta na pampu iliyokusudiwa kazi nyingine, ya kusafishia mabomba, ambayo umeme ukikatika haijiwashi yenyewe unaporudi. Presha ya mafuta ikashuka na giza likarudi. Pampu ile ilikuwa imeshatumika hivyo kabla ya usiku huo, ila haikuwa imekutana na kuzimika kwa umeme katika mkondo mwembamba wenye daraja mbele. Kuitegemea ni uamuzi wa aina ile ile na sahihi ya fundi wa ndege: kifaa kinafanya kazi sasa, kwa hiyo kiko salama. Na katika vyombo vyote viwili karatasi zilizotosha kuutilia shaka uamuzi huo, kitabu cha hitilafu huko na mchoro wa mabomba huku, zilikuwapo kabla ya safari kuanza.