Waya Ulitolewa Mapema

Waya ule wa muda wa kuendesha mapigo ya moyo haukupaswa kutoka. Mengine yote katika upasuaji ule wa kuweka vali ya aorta kwa katheta, uliorushwa mubashara ukumbini, yalikwenda vizuri: tundu la paja safi, vipimo vya CT makini, vali ikakaa bila kuvuja. Hongera zao.

Turudi kwenye dakika ya kuutoa waya, iliyopigiwa makofi. Mgonjwa aliingia chumbani tawi la kulia la umeme wa moyo likiwa limeziba tangu zamani. ECG ilijaa skrini nzima na kila mtu akaiona. Akawekewa vali ya kujitanua yenyewe, tena chini kuliko ilivyopangwa. Tawi la kushoto hutokeza hapohapo chini ya vali ya aorta, ukingoni mwa ukuta wa utando. Fremu ya nitinoli huendelea kulisukuma hata mgonjwa akishatoka mezani, na uvimbe huweza kuongezeka baadaye. Kwa hiyo mtu aliyebakiwa na njia moja amewekewa chuma juu ya njia hiyohiyo, kisha daktari anachomoa waya wa muda palepale mezani, eti mapigo yametulia! Yametulia kwa dakika ngapi? Umeme wa moyo unaweza kuziba kabisa siku mbili baadaye, mgonjwa yuko nyumbani. Hata kama yule bwana leo anakunywa chai yake kwa raha, uamuzi ulikuwa mbovu.

Mwaka 2019 jopo la wataalamu la Rodés-Cabau lilishauri wagonjwa wa aina hii walale na waya walau usiku mmoja. Mwaka huohuo, katika jaribio la vali ya Evolut kwa wagonjwa wa hatari ndogo, 17.4% waliopitia katheta waliishia kuwekewa betri ya moyo ndani ya siku 30. Waliopasuliwa kifua, 6.1%. Wapasuaji wa kifua, ambao vijana wa katheta huwaona wamepitwa na wakati, huacha nyaya zao juu ya moyo siku kadhaa bila kuona haya. Ila siku hizi sifa ni kumruhusu mgonjwa kesho yake. Nimeyalalamikia sana mashindano haya, na sijachoka.

Mtaniambia Cribier, aliyeweka vali ya kwanza ya aorta kwa katheta, naye alithubutu. Ndiyo, pale Rouen, Aprili 2002, kwa mgonjwa mahututi ambaye wapasuaji walishamkataa. Alibahatisha kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Madaktari hawa walikuwa nayo: waya umeshachomekwa tayari.

Wenzangu wa katheta, tawi la kulia likiwa limeziba, acheni waya ulale na mgonjwa, na rudieni ECG asubuhi kabla ya kuandika ruhusa.